Mkono Ndani ya Mwale

Vumbi halichagui mlango. Liliingia jumba la sinema la Marengo kwa mbele na kwa nyuma, vumbi jekundu la chuma, vumbi la Birmingham ya Alabama, likapanda mpaka roshani ya juu kabisa, likacheza ndani ya mwale mweupe uliotoka kwenye mashine ya filamu na kupita juu ya vichwa vya watoto wawili weusi: Verlene na mdogo wake Odessa.

Verlene akainua mkono. Basi, hilo tu. Mtoto wa miaka tisa alitaka kuishika nuru. Kivuli cha vidole vyake kikaangukia uso wa mwigizaji, kikubwa kama mti, na kule chini, kwenye viti vya wazungu, ukumbi ukanguruma: "Shusha mkono, wewe!" Na neno jingine, ambalo mama yao hakuruhusu litamkwe nyumbani kwake. Wakashikwa kola, wakateremshwa ngazi za uchochoroni, ngazi pekee walizoruhusiwa watu wao. Verlene alishuka akipiga mateke. Odessa, muda wote kule juu, alikuwa ameikalia mikono yake.

Miaka ikapita kama mabehewa ya makaa. Marengo likafungwa, likavuja, likalaliwa na njiwa. Sasa limepakwa dhahabu, na watu wanakata tiketi kuja kulitazama. Na macho ya Verlene yanazimika. Daktari amesema Krismasi haitayakuta yakiona. Ndiyo maana Odessa amemleta leo, jua la Agosti likiyeyusha lami. Alione. Alione mara moja, kabla ya giza.

Wao na kundi la watalii wameshapita benki yenye nguzo. Wameshapita stesheni. Milango ya shaba ya Marengo iko wazi, ubaridi wa ndani unawapuliza usoni, na Verlene amegoma.

"Siingii hapo."

"Dada, joto hili litatuua."

"Tutakufa na kofia zetu za kanisani. Tutapendeza." Akaelekeza fimbo uchochoroni. "Mlango wangu ni ule."

Maribeth, binti wa kizungu aliyeongoza msafara, akaubana mtungo wa funguo. "Ule haumo kwenye ziara, bibi. Ngazi zake hazina taa."

"Hazikuwa nazo hata siku zile, mwanangu."

Mwanamume mmoja mwenye kapelo akaguna. "Tunaingia au tunakesha hapa?"

Odessa akamshika dada yake kiwiko. Sauti ya namna ile aliijua tangu utotoni. "Twende nyumbani, dada," akanong'ona. "Usilete mambo."

"Wewe ulizaliwa mwoga," Verlene akasema. "Nipe pipi."

Akapewa pipi ya mnanaa. Akaimung'unya. Hakusogea.

Maribeth akautazama mlango wa shaba, akautazama uchochoro. Mwisho akawaambia wengine watangulie wakakae, akaushika mkono wa Verlene. Kitasa cha uchochoroni kikakataa. Kikakataa tena. Kisha kikalia, kikaachia.

Giza. Harufu ya kutu. Verlene mbele, kiganja juu ya chuma. Odessa nyuma, ameshika gauni la dada yake kama mtoto. Vumbi halichagui mlango, nao wakapanda nalo, likiwakwaruza koo.

Juu, mabenchi yalikuwa yale yale. Dhahabu iliishia chini.

"Hawakugusa huku," Verlene akasema, akiupapasa ubao. "Afadhali."

Taa za ukumbi zikafifia. Kila ziara humalizika hivyo: mashine kuukuu huwashwa kidogo, bila filamu, nuru tupu juu ya pazia jeupe. Mwale ukaja, ukapita juu ya kofia zao. Odessa akajikuta ameikalia mikono yake. Akaliona bega la dada yake likisogea.

"Dada, usi—"

Mkono ukapanda. Vidole vikalijaza pazia.

Chini, vichwa vikageuka. Kisha sauti ya yule wa kapelo: "Nani huyo huko juu?"



"Ni mimi," Verlene akajibu, mkono uko palepale.

 Kiti kimoja kililia, kikanyamaza. Mkono ulianza kulegea.

"Odessa, kivuli kinaonekana? Mimi naona weupe tu."

"Kinaonekana, dada. Kimejaa pazia zima."

Odessa akaichomoa mikono yake, imekufa ganzi, akaiinua ndani ya nuru, akaushikilia ule uliochoka. Vumbi jekundu likaja, likazunguka vidole vyao vyote, likakaa lilipotaka.