Picha Aliyoitundika Stallcup

Bwana Stallcup ndiye aliyeitundika picha ile ukutani mwa mahakama, juu ya kiti cha jaji. Ilionyesha nyumba zetu za mbao kando ya mtaro wa shamba lake, Arkansas, zilizochorwa kwa rangi za maji masika ya mwaka ule ule na binti aliyetumwa na serikali, miaka ile ya dhiki. Stallcup aliringa nayo mji mzima. Sisi tuliokaa ndani ya hizo nyumba, tukimlimia pamba kwa kugawana nusu, hata kuitazama hatukuitwa.

Vuli ilipofika akasikia tumejiunga na chama cha wakulima. Akaleta trekta azibomoe, pamba ingali shambani. Dada Lovenia Tate, mjane wa nyumba ya kwanza, akakaa barazani na wanawe.

“Njoo, baba,” akamwambia dereva. “Anza na mimi.”

Dereva akazima injini. Tukafikishana mahakamani.

Stallcup akaapa kwa Biblia kwamba zile ni ghala za pamba, hazijalala mtu tangu mwaka juzi, sisi ni wavamizi tu. Kwa sheria ya kule, mpangaji hatolewi kabla ya mavuno. Mvamizi hutupwa nje siku hiyo hiyo. Kiapo kile ninacho kichwani neno kwa neno, na nitazikwa nacho.

Wakili wake akamgeukia Lovenia. “Haya shangazi, unaishi wapi hasa?” Wazungu wa kule walimwita hivyo mwanamke yeyote mweusi, wasije wakamwita Bibi.

“Mimi si shangazi yako. Ukoo wangu naujua wote, na hauna mtu kama wewe.”

Mabenchi yetu ya nyuma yakaangua kicheko.

“Jibu swali!”

“Naishi pale.” Akaonyesha juu ya kichwa cha jaji. “Nyumba ya kwanza kushoto. Moshi ule ni wa maharage yangu.”

“Wachoraji hubuni, mheshimiwa. Moshi ni pambo tu.”

Jaji akavaa miwani, akageuka. Akatazama uwanja wa mbele ya nyumba ile pichani: udongo mtupu, hauna hata unyasi, una mistari ya ufagio wa vijiti kama nywele zilizotoka kuchanwa. Kule kwetu mweusi kwa mweupe amelelewa na mwanamke anayefagia hivyo kila asubuhi. Kufika jioni kuku wameshaifuta yote.

“Mama yangu alifagia namna hii,” akasema. “Stallcup, ghala ndiyo iliyojifagia?”

Stallcup akawaka. “Hata! Nilimwamuru mimi afagie, mchoraji asije akaniaibisha!”

“Ulimwamuru nani?”

Macho yake yakamwendea Lovenia. Neno lilishamtoka. Ukumbi ukalipuka.

Jaji akaamua: hakuna atakayetolewa mpaka pamba ya mwisho ichumwe. Kuna watakaosema ushindi huo ni mdogo. Hao hawajang'olewa mlango wakati wa baridi, watoto wakiwa ndani.

Nje kwenye ngazi Lovenia akamzuia Stallcup njia.

“Bwana, paa langu linavuja. Kwa kuwa umekumbuka kwamba mimi ni mpangaji wako, lini unakuja kuliziba?”

Tukashika njia ya katikati ya mji tukiimba, tumejaa upana wa barabara, na siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyesogea pembeni kumpisha Mzungu.