Mstari wa Kwanza wa Mto

Haya ni kweli tupu. Sijatia chumvi hata chembe, na anayebisha na aje tukae naye kitako.

Alikuwapo mdarizi mmoja, mke wa fundi saa mstaafu. Majirani walimwita Mama Mito, kwa kuwa makochi yake yalijaa mito mpaka mgeni akakosa pa kuweka makalio. Alidarizi bargello: mishono ya sufu iliyosimama wima, huu ukipanda hatua, ule ukishuka, hadi kitambaa kizima kikaonekana kama ndimi za moto. Kazi hiyo ina sheria moja isiyo na huruma. Mstari wa kwanza ndio bwana. Chochote ulichokiweka humo, kilima au kosa, mistari yote itakirudia mpaka ukingoni mwa mto.

Asubuhi moja, akitafuta sufu nyekundu kikapuni, akakuta ukanda wa karatasi ya visanduku vidogo vya waridi. Juu yake ulipita mstari mweusi: kilima kikali, bonde, kijilima, kisha kilima kikali tena.

"Mchoro huu umenichorea wewe?" akamuuliza mumewe.

Mzee alikuwa kochini nyuma yake. Akakohoa. "Nani mwingine? Shona tu, mama."

Akahesabu kila kisanduku kwa tundu moja la kitambaa. Karibu na mwisho, mstari ulilala. Matundu matano bila kupanda wala kushuka, ndipo kilima kikafuata. Mkono ulimwasha kurekebisha, lakini zawadi ya mtu haikosolewi. Akaufuata ulivyo.

Alipofika kwenye yale matundu matano, mumewe, aliyekuwa akimsimulia habari za jirani, akakatika katikati ya neno.

"Vipi, betri imeisha?"

"Saa inachelewa kidogo tu," akajibu mzee, mkono kifuani.

Mstari wa pili ulikuwa wa rangi iliyokolea zaidi, na wa tatu ikakolea tena, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo. Sasa Mama Mito alikuwa akisikiliza. Sindano ikipanda, mzee anavuta pumzi. Ikishuka, anaishusha. Ikifika pale palipolala, kimya. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha pumzi inarudi, kila safari kwa shida zaidi.

Akachukua mkasi afumue. Alipokata mshono mmoja tu wa mstari wa kwanza, mzee akaguta na kushika shati lake kwa viganja viwili. Mkasi ukamponyoka. Mbele hakwendeki, nyuma hakurudiki, na rangi iliyobaki ilikuwa nyeusi.

Akaigeuzia ukutani fremu iliyokaza kitambaa, akakaa na kuikodolea macho. Chumba kikapoa, ingawa jua lilikuwa utosini. Ndipo akasikia: tsss. Uzi unapita tunduni. Tsss. Aliporuka kuigeuza, sindano ilikuwa inapanda yenyewe na ule uzi mweusi. Akaikamata, ikamchoma, ikaendelea. Ikafika palipolala. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Sita.

Ikanyooka hivyo hivyo mpaka ukingoni.

"Baba?" akaita bila kugeuka. "Baba, niitikie basi."

Kochini hapakuwa na sauti. Kikombe cha chai kilikuwa bado kinafuka moshi, na...

"Na nini?" akauliza mke wangu, aliyekuwa anasoma juu ya bega langu, sindano na kitambaa mkononi. "Umekufa?"

"Ndivyo hadithi inavyotaka."

"Na huyu anayemwagia chai mto wangu ni maiti?"

Nikafuta chai kwa kiwiko. Yeye hakucheka. Mwanamke huyu akiona mshono uliokaa vibaya, hauachi.

"Sindano kujishonea ni uongo," akasema. "Kufa ni uongo. Na ile karatasi?"

Akakivuta kikapu chake, akamwaga sufu yote sakafuni, na chini ya rangi ya kijani asiyoipenda ukadondoka ukanda ule, umekunjwa mara nne. Niliuficha mwenyewe. Akaukunjua dirishani, akaweka kucha pale mstari ulipolala.

"Hiki ni kipimo cha moyo."

"Ndiyo."

"Cha lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Daktari alikwambia nini?"

"Nirudi baada ya siku mbili."

"Mbili!" Akaichoma sindano kitambaani katikati ya mstari, yeye ambaye hata moto ukiwaka humaliza mstari kwanza. "Ukaona ulimi mzito, ukakaa kuniandikia hadithi? Vaa viatu."

Nikavaa. Mlangoni nikafungua mdomo nimweleze kwamba angalau lile jina la Mama Mito alilopewa na majirani lilikuwa la kweli.

"Nyamaza," akasema, akinishika mkono kwa nguvu kuliko alivyowahi kuushika. "Tunza pumzi."