Bwana Gervase Alivyoinama

Kiangazi cha mwaka sabini na sita mvua ilitusahau kabisa kule Hessingham, kijiji chetu cha Uingereza. Udongo wetu wa mfinyanzi, ambao miaka mingine hung'ang'ania viatu mpaka Juni, ulikauka ukapasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba ya posta ilipata ufa kutoka msingi hadi dirishani. Halmashauri ilikataza watu kumwagilia bustani kwa mpira wa maji, kwa hiyo ilipokaribia harusi ya Lorna hapakuwa na ua hata moja kijijini la kupamba kanisa. Tulikuwa na masuke ya shayiri na miiba ya shambani, basi.

Lorna ni binti wa Dorcas Pettit, na Dorcas ni dada wa mume wangu. Mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Tangu nilipoolewa kwao amekuwa akinitania kwa woga wangu. Naogopa radi, naogopa farasi, naogopa kupanda ngazi. Sifichi. Jina langu Enid Garrod, na hapa kwetu kila mtu anajua.

Kitu kingine nilichokiogopa tangu utotoni ni Bwana Gervase Tollard. Alikuwa sanamu ya kaburi ya zamani, ukutani, katika kikanisa kidogo cha pembeni, upande wa kaskazini wa madhabahu. Walimchonga kwa marumaru, amelala ubavu, kiwiko kimeegemea mto wa jiwe, shavu mkononi, kama mtu aliyechoka kungojea chai. Chini yake walipiga magoti wake zake wawili. Juu yake palikuwa na paa la mawe lenye nguzo, nembo za ukoo na maandishi ya Kilatini ambayo sijawahi kumwona mtu akiyasoma. Vyote hivyo vilining'inia juu ya vichwa vyetu, na uzito wake ungeweza kuzamisha mashua. Macho yake yalipakwa rangi nyeusi, na rangi hiyo haikufifia ingawa mashavu yake yalikuwa meupe kama jibini.

Wiki ile ya harusi ukuta wake ulianza kutoa sauti. Tulikuwa tukifagia, mimi na Dorcas, tukasikia *kacha*, kama mtu anavunja biskuti chumba cha pili.

"Bwana Gervase anajinyoosha," Dorcas akasema.

"Wifi, hiyo si sauti nzuri."

"Ni joto. Hata kabati langu la vyombo linalia hivyo."

Lakini kesho yake tulikuta vumbi jeupe sakafuni, limemwagika chini yake kama unga uliopita kwenye chekecheke. Nililifagia. Kesho kutwa yake lilikuwepo tena, jingi zaidi. Nikainua macho, nikaona kitu ambacho sikukipenda. Siku zote mgongo wa Bwana Gervase ulikuwa umeshikana na ukuta. Sasa palikuwa na mstari mweusi kati yake na ukuta, mwembamba, kuanzia begani hadi nyongani.

"Ameondoka ukutani," nikasema.

"Nani?"

"Yeye."

Dorcas hakuinua hata kichwa. "Aende wapi, na mguu wake wa jiwe umekatika tangu zamani? Tangu uje kwetu, wifi, unaogopa hata kuku anayeatamia. Hebu shika benchi hili tulitoe, watu wa kinanda wanataka nafasi."

Tulilitoa lile benchi. Mchana wa Alhamisi, jua kali likiingia kwa madirisha ya rangi, nilirudi mle peke yangu na ufagio kuondoa vumbi la siku ile. Dorcas alikuwa nje ya kikanisa, akifunga masuke kwenye nguzo. Nilikanyaga bamba kubwa la jiwe lililo sakafuni mbele ya Bwana Gervase, bamba ambalo watu wamelikanyaga tangu zamani bila kulifikiria. Lilicheza chini ya mguu wangu kama kifuniko cha sufuria. Kisha likazama upande mmoja, nami nikazama nalo.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka kutua, na bamba likitua baada yangu kwa ubavu, juu ya mguu wangu wa kushoto. Maumivu hayakuja mara moja. Kilichokuja kwanza ni harufu: si ya kuoza, bali ya mahali pasipofunguliwa, kama ndani ya birika la zamani. Nilipofuta macho niliona rafu za matofali kulia na kushoto, na juu ya rafu yalilala majeneza ya madini ya risasi, ya kijivu, yamebonyea kufuata umbo la watu waliomo. Moja lilikuwa limepasuka upande wa miguu.

Kichwa cha Dorcas kikatokea juu, kwenye tundu. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni.

"Wifi, uko hai?"

"Niko hai. Mguu umebanwa."

"Umebanwa na nini?"

"Na bamba. Dorcas, kuna watu huku."

"Watu gani?"

"Akina Tollard. Wamepangwa kama mikate."

"Hao hawana neno na wewe. Nipe mkono nikuvute."

Alinyoosha mkono, nami nikanyoosha wangu, lakini mikono yetu haikufikiana. Hapo ndipo nilipotazama nyuma ya kichwa chake.

Ukiwa sakafuni, Bwana Gervase ulimwona ubavu tu, na uso wake ukitazama ng'ambo, kwenye viti. Kutoka kule shimoni nilimwona uso mzima. Alikuwa ameinamia mbele. Niliona ncha ya pua yake, na yale macho meusi yote mawili, na yalikuwa yananitazama mimi. Nyuma ya mgongo wake palikuwa na mwanga mahali ambapo hapajawahi kuwa na mwanga. Vumbi lilikuwa likimwagikia mgongoni kwa Dorcas, kwenye gauni lake la buluu, naye hakulisikia.

Nilinyamaza. Nilijua nikimwambia ataondoka, na sikutaka aondoke. Sikutaka kuachwa pale na wale waliolala. Vumbi likamwagika tena.

"Dorcas, toka hapo."

"Sitoki. Acha kuogopa mifupa, nyoosha mkono."

"Si mifupa. Geuka polepole, utazame juu."

Aligeuka. Niliona shingo yake tu, na niliiona ikikakamaa. Akanirudia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, ndogo kabisa.

"Wifi, nikienda kutafuta watu utaniwia radhi?"

"Nenda."

"Clement yuko shamba la nyuma na trekta. Namleta. Na wewe usithubutu kufa, harusi ni Jumamosi."

Alijivuta nyuma kwa tumbo ili asitikise sakafu. Nilisikia viatu vyake vikienda taratibu hadi katikati ya kanisa, kisha vikikimbia. Mlango ukagonga. Ule mlango kugonga tu ulitosha: kitu kikakatika juu yangu, kidole cha jiwe kikaanguka kikanipiga kifuani.

Nilikishika. Kilikuwa cha mkono wake wa kushoto, kina pete. Nikamtazama. Alikuwa ameinama zaidi.

Niliomba, lakini maneno hayakupangika. Nilichokuwa nikisema ni "si sasa, si sasa," na sijui nilikuwa nikimwambia Mungu au yeye. Kisha akili ikanijia, akili baridi, kama ya mtu mwingine. Nilikuwa nimelala mahali hasa atakapoangukia. Chumba kile kilikwenda mbali na ukuta wake, chini ya sakafu, kikiishia gizani, na mle ndani matofali ya dari yalikuwa bado mazima. Kama ningeweza kufika kule huenda ningepona. Lakini kufika kule ni kupita katikati yao, kuacha tundu na jua, na kwenda kulala mahali wao wanapolala.

Nilikaa nikiwaza hivyo muda mrefu kuliko mtu mwenye busara angekaa. Niseme kweli, niliogopa giza lile kuliko nilivyoliogopa jiwe. Jiwe nililiona.

Ukuta ukatoa sauti mpya, ndefu, ya chuma kinachonyooka. Vyuma vilivyomshikilia vilikuwa vinakatika. Nikainama, nikafungua ukanda wa kiatu, nikavuta mguu. Kiatu kilibaki chini ya bamba pamoja na ngozi yangu ya juu ya mguu. Nilipiga ukelele, na ukelele ule ukarudi kutoka ndani kana kwamba wamenijibu.

Nikatambaa. Jeneza lililopasuka lilikuwa limetokeza njiani na ilinibidi nipite chini yake, shavu langu likigusa risasi yake baridi. Mkono wangu uliteleza ukaingia mahali, ukashika kitu kikavu kilichovunjika kama ganda la yai. Nikauchomoa. Sikutazama. Nikaendelea mpaka kichwa kikagota ukuta wa mwisho, nikajikunja pale, magoti kidevuni.

Ndipo akaanguka.

Siwezi kueleza sauti yake, maana niliisikia kwa meno. Sakafu yote ya kikanisa iliruka. Upepo wa vumbi ukaja ukanijaza pua na koo, na mwanga ukazimika. Bwana Gervase alikuwa ameziba tundu kwa mwili wake.

Giza lile halikuwa kama la usiku. Nilifumba macho na kuyafumbua, na hapakuwa na tofauti. Nilisikia mtu akipumua karibu yangu, haraka haraka, nikaacha kupumua nisikilize, naye akaacha. Nilipoanza tena naye akaanza. Nilirudia mara kadhaa kabla ya kuelewa kwamba ni mimi. Kitu kizito kilikuwa kimetoka kwenye rafu kikanilalia pajani. Nilikipapasa. Lilikuwa jeneza la risasi, fupi, halikufika hata urefu wa mkono wangu. Nilijua ni la nani, yaani la mtu wa umri gani. Nilitaka kulisukuma, nikajikuta nimelikumbatia, kwa sababu mle ndani hapakuwa na kingine cha kushika.

Sijui ulipita muda gani. Sauti zikaja kwa mbali, kama watu wanaongea chini ya maji. Dorcas alikuwa akilia. Alikuwa akimtukana Bwana Gervase kwa matusi ambayo sidhani kanisa lile limewahi kuyasikia. Kisha sauti ya Clement Rudd, jirani yetu: "Mama Pettit, njoo nje. Hapo chini hakuna aliyesalia. Tazama mwenyewe."

Nilipaza sauti. Haikutoka. Koo lilikuwa limejaa chokaa. Nikapapasa, nikapata kipande cha tofali, nikakigonga juu ya jeneza kubwa lililo karibu. Lilitoa mlio mzito, *dum, dum*.

Juu nikasikia miguu ikikimbia kuelekea mlangoni. Clement mwenyewe alinieleza baadaye kwamba hakusimama mpaka alipofika kwenye trekta.

Dorcas hakukimbia. Sauti yake ikaja karibu.

"Kama ni wewe, wifi, gonga tena. Kama ni Tollard, nyamaza, nina shughuli."

Nikagonga. Nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi.

Clement alirudi, na watu wengine wawili wa shamba. Ni yeye aliyekumbuka kwamba nje, upande wa mashariki, kuna ngazi ya zamani iliyofukiwa, ndipo walipowapitishia akina Tollard kwenda kuzikwa. Walichimba, wakafika kwenye ukuta wa matofali, wakaanza kuupiga kwa mtaimbo. Kila pigo lilinimwagia mchanga kichwani, na kila pigo nilidhani ndilo la kuangusha dari. Mwisho tofali moja likaingia ndani, na nyuma yake kikaja kijiti cha jua. Mkono wa Dorcas ukapenya kabla tundu halijatosha mkono.

"Shika. Na usiniletee mtu mwingine."

Lakini nilikuwa bado nimelikumbatia lile jeneza dogo, na waliponitoa nilitoka nalo. Hakuna aliyecheka. Kasisi Lidgate, aliyekuwa amefika mbio na taulo la jikoni begani, alipiga magoti kwenye majani makavu akalichukua mikononi mwangu taratibu, kama mtu anavyopokea mtoto aliyelala.

Mguu wangu ulikuwa umevunjika. Lorna alifungia ndoa kanisa la kijiji jirani nami niko hospitali Ipswich. Dorcas alinijia Jumapili na kipande cha keki. Alikaa kitandani, jambo ambalo wauguzi hawalipendi.

"Nilipogeuka nikamwona vile," akasema, "miguu yangu ilitaka kukimbia isirudi tena."

"Ulirudi."

"Nilirudi nimefumba macho nusu ya njia. Nilijigonga kwenye lango." Akanionyesha goti. Lilikuwa jeusi.

"Basi nawe mwoga."

"Usimwambie mtu."

Kabla ya majira ya baridi mafundi walilirudisha jeneza dogo mahali pake, wakaziba ngazi. Bwana Gervase alikaa vipande vipande kwenye masanduku ya mbao, chini ya mnara, kwa miaka mingi. Walipomuunga na kumpandisha tena walimfunga kwa vyuma visivyoshika kutu, na mhandisi alitupa neno lake kwamba hata kanisa likianguka yeye atabaki. Ilifanyika ibada. Dorcas, ambaye siku zote hupenda kiti cha mbele, alikuja akakaa nami nyuma kabisa, karibu na mlango ulioachwa wazi, bila kuniuliza kwa nini. Watu waliposimama kuimba nilisimama nao, nikafungua mdomo. Sikuimba. Nilikuwa nikiusikiliza ukuta.