Maneno Yaliyokataa Karatasi

Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, karani wa idara ya afya alitoa ripoti ya robo mwaka kwenye printa, na neno "zahanati" likadondoka kutoka kwenye karatasi. Herufi zake zilitawanyika mezani, nyeusi na kavu kama mbegu za papai. Alizikusanya kwa kiganja, akazitia kwenye kikombe cha kalamu, akachapisha upya. Likadondoka tena.

"Wino hauna kosa," alisema Mwalimu kutoka kwenye kiti cha dirishani.

Mwalimu alikuwa amefariki miaka elfu mbili na mia tano iliyopita, huko Uchina. Meya alirudi naye kutoka semina ya wiki mbili kuhusu hekima ya kale ya Wachina kwa viongozi wa kisasa, pamoja na cheti na picha ya pamoja. Ofisi ya utumishi ilimtafutia kitambulisho, cheo kikaandikwa Mshauri. Alikuwa mzee mpole, mwenye joho la mikono mipana, asiyemsumbua mtu. Katika kila mkutano alisema jambo lilelile: kila kitu kiitwe kwa jina lake, na kila mwenye jina afanye kazi ya jina hilo, la sivyo utawala hauendi. Meya alilipenda sana, akalitia kwenye hotuba tatu.

Karani alijua kwa nini neno halishiki. Dada yake mkubwa alikuwa mkunga wa zahanati hiyo ya Mtaa wa Juu: kuta nne, benchi moja, na kabati lenye kufuli zuri lisilo na kitu ndani. Maji yalikatika tangu mwaka juzi. Wiki iliyotangulia mama mmoja mjamzito alikimbizwa hospitali kubwa kwa pikipiki, akafia njiani. Siku hiyo dada mtu alirudi nyumbani akakaa jikoni hadi chai ikapoa, hajavua hata viatu.

Karani akampigia simu. "Dada, sasa watapeleka dawa. Wageni wa wizara wanakuja Ijumaa, na ripoti haitoki bila hivyo."

"Usinitie moyo bure, mdogo wangu."

"Neno halishiki kabisa! Nimejaribu mara kumi na moja."

Mchana Meya alishuka mwenyewe. Katika sentensi nzima iliyosema kwamba zahanati ya Mtaa wa Juu inawahudumia wakazi elfu tisa, yalikuwa yamebaki maneno haya: "ya Mtaa wa Juu wakazi elfu tisa." Chini, mahali pa sahihi, neno "Meya" nalo lilikuwa limekwenda. Alilikuta sakafuni, karibu na kiatu chake.

"Mzee wangu, mbona unaniangusha?"

"Njia ni mbili," alisema Mwalimu. "Jengo lifanane na jina, au jina lifanane na jengo."

"Hiyo ya pili inachukua muda gani?"

Mwalimu aligeukia dirishani. Meya akamgeukia karani.

"Dakika tano, mheshimiwa," alisema karani, na papo hapo akatamani angesema mwaka.

Walijaribu "kituo," likaanguka. "Huduma" halikumaliza hata kutoka kwenye printa. "Mahali pa Kungojea" yakashika, hata karatasi ilipokung'utwa. Kwa upande wa Meya, "kiongozi" na "mtumishi wa watu" yaliporomoka pamoja. "Mtu anayekaa ghorofa ya tatu" yakakaa imara, naye akatia sahihi chini yake bila kinyongo. Katika ripoti yote, neno "mkunga" ndilo pekee ambalo halikuwahi kutikisika. Karani alilikwaruza kwa ukucha, lisitoke.

Ijumaa wageni walisoma, wakapiga makofi. Walisema hawajawahi kuona ripoti ya kweli kiasi hicho, na kwamba manispaa nyingine ziige mfano. Jumatatu mafundi walikwenda Mtaa wa Juu, wakang'oa kibao cha zamani na kupigilia kipya. Mkunga alikisoma, akaingia ndani kunawa mikono kwa maji ya dumu. Jioni akapiga simu.

"Umeandika wewe?"

"Mimi, dada."

"Haya."

Hakukata simu. Karani alimsikia akivua viatu.

Kesho yake Mwalimu alivua kitambulisho, akakiweka mezani, akamwomba karani amwelekeze njia. Alitembea kwa miguu hadi Mahali pa Kungojea, akakaa mwisho wa benchi, baada ya wanawake watatu. Wa nne akafika, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukutani.

"Babu, wewe ndiye wa mwisho?"

"Ndimi."

Mwalimu akasogea, mwanamke akakaa.