Ukoo wa Fuatino Warudi

Jumatatu asubuhi kompyuta ya ofisi ya kijiji ilikataa kuwaka. Ilileta maandishi meupe kwenye kioo cheusi: faili za mfumo hazipo. Sieni, karani, alijua fika zilikokwenda. Alizifuta mwenyewe Ijumaa ili apate nafasi ya nyimbo za kwaya, akidhani ni takataka kwa kuwa hakuna hata moja iliyokuwa na jina la Kisamoa.

Akatia CD ya zamani, akaiamuru mashine irudishe kila kilichofutwa. Ikakoroma. Ilipofika asilimia kumi, Bibi Fuatino aliingia, akavua ndala, akakaa mkekani. Asilimia ishirini, mumewe. Ilipofika mia walikuwa tisa, na yule mdogo bado alikuwa ameshika gimbi alilokuwa akila miaka sita iliyopita.

Miaka sita iliyopita mjomba wake Sieni, Chifu Leota, alimwomba aufute ukoo wa Fuatino kwenye orodha ya ardhi. Akaufuta. Kesho yake nyumba yao ilikuwa tupu, na kijiji hakikuuliza. Mjomba akabomoa, akajenga yake, na Sieni akapewa chumba cha mbele.

Sieni aliwamiminia kakao. Aibu ilimbana hata akashindwa kuinua uso, akawa anaongea na vikombe.

Leota alipofika aliwasalimu mmoja mmoja, kwa heshima zote, akawaambia kwamba majina yao sasa yamo lakini hati ya ardhi ilishatiwa saini.

“Nyumba tumeiona, mheshimiwa,” alisema Fuatino. “Imependeza.” Kisha akamgeukia Sieni. “Na wewe mwanangu, unalala chumba gani?”

“Cha mbele, bibi.”

“Mbele ndipo tulipomzika mama. Kumbe unamlalia.”

Leota alimaliza kakao yake, akaaga.

Kompyuta inafanya kazi vizuri tangu siku ile, na wale tisa wangali mkekani. Kila akitaka kupita mbele yao Sieni huinamisha mgongo na kusema “tulou”, yaani niwieni radhi, kama mtu yeyote anayepita mbele ya waliokaa. Jioni hurudi kwa mjomba. Kabla ya kupanda kitandani huinama tena, akasema “tulou” kwa sakafu, kisha akalala.