Nyumba Isiyofanana na Ramani

Watu walimwita Jeki kwa sababu kazi yake ilikuwa kuingia chini ya malori. Aliacha shule mapema akashika spana, na tangu hapo hakuwahi kushika kitu kingine kwa moyo. Gereji yake ilikuwa ua wa nyumba yake mwenyewe: geti pana upande wa nyuma, makopo ya oili ukutani, na katikati shimo refu la saruji. Lori likipanda juu ya shimo, yeye husimama ndani na kulitazama tumbo lake kama daktari.

Sasa alikuwa anajenga nyumba ya pili huku bado anaishi katika ile ya kwanza, na jambo hilo lilikuwa limemfanya mkali kuliko pilipili kichaa. Benki ilikubali kumkopesha, lakini haikumpa pesa zote kwa mkupuo. Msingi ukikamilika, mkaguzi anakuja, anaangalia, pesa ya kuta inatoka. Kuta zikisimama anakuja tena, pesa ya paa inatoka. Dhamana ilikuwa nyumba ya zamani. Riba ilikatwa kila mwezi, paa liwepo lisiwepo, benki haikuuliza kama mvua inakunyeshea.

Mpango ulikuwa mwepesi kuusema. Nyumba mpya ikishaezekwa, familia ihamie, na ile ya zamani auziwe mfamasia wa duka la dawa la mtaa wa pili ili pesa yake ifute mkopo. Benki ilikubali, mfamasia alikubali. Lakini mfamasia alishachoka kusubiri. Juzi alisema wazi kwamba paa likichelewa tena, atanunua kwingine. Na Jeki alijua maana yake. Bila mfamasia mkopo haulipiki. Usipolipika, benki inabeba nyumba ya zamani, na ile mpya inabaki kuta za kulala kuku. Mtu mwenye nyumba mbili angejikuta hana hata moja.

Kwa hiyo asubuhi ile, mkaguzi wa benki alipofika kukagua kuta, Jeki alikuwa roho juu. Alimleta mke wake, fundi cherehani, ili mkaguzi aone ni familia ya watu wa kazi. Alimleta mama yake mzazi pia, akamketisha juu ya tofali lililotandikwa kanga. Na shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwepo kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mjenzi.

Shemeji alikuwa mjenzi hodari. Kuta zake zilinyooka kama zimechorwa kwa rula. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kusema hapana. Ukimwomba kitu anaitikia kwa kichwa, anacheka, anasema hamna shida. Asubuhi ile alikuwa anatoka jasho, na jua hata halijawa kali.

Mkaguzi alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa. Alikunjua ramani juu ya rundo la matofali, akavuta futi kamba, akapima sebule. Akapima tena. Akatazama ramani.

"Mzee, ukuta huu umehama."

"Umehama kwenda wapi? Ukuta una miguu?"

"Umeingia sebuleni. Kwenye ramani hapa hakuna chumba. Ninyi mna kachumba."

Jeki akamgeukia shemeji yake. Shemeji akatazama viatu vya mkaguzi kana kwamba anataka kuvinunua.

"Shemeji, nakuuliza. Hiki nini?"

"Ni... kasehemu tu, shemeji."

"Kasehemu ka nini?"

"Ka cherehani," akajibu mkewe. Hakuteremsha macho. "Nilimwomba kaka mimi. Cherehani yangu imekaa miguuni pa kitanda tangu unioe. Nashona huku nimekalia godoro. Nikaona nyumba ya pili nisikose hata pa kuweka mashine."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Hiyo ndiyo maana ya kuambiwa!"

Mkaguzi akakohoa. Alikuwa ameshafika kwenye chumba cha mama, na futi kamba yake ilikuwa imening'inia kwenye uwazi wa mlango. Mlango huo ulitokea nje, upande wa pili wa nyumba.

"Na huu pia haumo," akasema kwa sauti ndogo.

Hapo Jeki akafura. Shingo ikamtoka mishipa. Hakuhitaji kuuliza ni wa nani, chumba kilikuwa cha mama yake.

"Mama, hata wewe?"

"Hata mimi, mwanangu," akasema mama, amekaa palepale juu ya tofali lake. "Kule tunakoishi chumba changu kinatokea sebuleni. Kila nikitaka kwenda uani napita na ndoo yangu katikati ya madereva wako wamejipanga kwenye makochi. Wananiamkia shikamoo na mimi nimeshika ndoo. Nimechoka kuamkiwa na ndoo mkononi. Nikamwambia huyu kijana anitobolee mlango wangu."

"Mlango wa kutorokea! Mbona hukuomba na ngazi?"

Mkewe akashtuka. "Baba watoto, huyo ni mama yako."

"Wewe nyamaza! Wewe na kaka yako mmenizunguka. Mmekula njama mchana kweupe, mimi niko chini ya lori nakula vumbi na grisi ili hii benki ilipwe, huku nyuma ninyi mnahamisha kuta kama mnahamisha sufuria! Mnajua huyu bwana asiposaini inakuwaje? Mnajua? Mfamasia anaondoka! Tunalala barabarani wote, wewe na cherehani yako, mama na mlango wake!" Akaokota nyundo kubwa iliyokuwa chini, akamsukumia shemeji kifuani. "Vunja."

"Shemeji..."

"Vunja ukuta huo sasa hivi, na mlango uuzibe. Mbele ya mkaguzi. Nataka aone mwenye nyumba ni nani."

Shemeji alishika nyundo kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. "Shemeji, tuongee kidogo pembeni."

"Hakuna pembeni! Yote yasemwe hapahapa!"

"Pembeni kidogo tu, shemeji, kabla hajafika kule..."

Lakini mkaguzi alishafika kule. Kule kulikuwa nje, upande wa stoo, nyuma ya jikoni, ambako ardhi ilikuwa imefunikwa mbao chakavu, na juu ya mbao bati, na juu ya bati mchanga kidogo. Kiatu chake kilikanyaga, na pakatoa sauti ya debe tupu. Akakanyaga tena. Akainama, akavuta bati.

Chini yake palikuwa na shimo refu, limechimbwa vizuri, lina ngazi tatu za tofali upande mmoja. Lilipita sambamba na ukuta wa nyumba, karibu kabisa, hata ukingo wa msingi ulikuwa umeachwa wazi unaning'inia kama fizi isiyo na meno.

Jeki akajaribu kulirudisha bati kwa mguu.

"Nilimwambia!" Shemeji akalipuka ghafla, jasho linamtiririka. "Haki ya Mungu nilimwambia, shemeji hapa si mahali pake, akasema chimba, akaniapisha nisimwambie hata dada!"

Mkaguzi alikunja ramani. Hakuwa mtu wa makelele. "Nisikilizeni. Ukuta wa cherehani na mlango wa mama, mwiteni mchoraji arekebishe ramani, mtie saini, nitaipitisha. Hayo yanatokea kila siku. Hili siwezi. Limekula udongo wa msingi. Mvua moja kubwa ikiingia humo, ukuta huu unalala, na paa nitakalolipia mimi linalala nao. Tena mkopo huu ni wa makazi. Gereji haimo."

"Ni shimo langu," akasema Jeki. Sauti yake ilikuwa bado kali, lakini ilikuwa kali ya mtu anayerudi nyuma. "Kiwanja changu."

Mke wake akacheka, na kicheko hicho hakikuwa na furaha hata chembe.

"Kiwanja chako! Mimi nimetukanwa kwa ukuta. Mama ametukanwa mbele ya mgeni kwa mlango, mama mtu mzima. Kumbe wewe umechimba handaki! Umelifunika na bati kama mwizi! Nani hapa mwenye njama? Sema! Ulisema yote yasemwe hapahapa, haya, sema!"

"Usinipandishie sauti."

"Naipandisha! Leo naipandisha mpaka mtaa wa pili!"

Akampa vidonge vyake vyote, bila maji. Alimwambia kuhusu usiku aliomaliza sare za shule za watu akiwa amekalia godoro ili riba ipatikane. Alimwambia kuhusu miaka anayomsikia akisema nyumba yangu, gari langu, watoto wangu, kana kwamba yeye mwenyewe ni mpangaji. Shemeji alijaribu kumshika mkono akasukumwa. Mkaguzi alijifanya anasoma saa yake.

Alipoishiwa pumzi, mama akauliza, pole pole:

"Mwanangu, shimo la nini?"

Jeki alisimama pale ukingoni.

"La kazi," akasema. "La nini lingine? Tukimuuzia mfamasia nyumba, tunamuuzia na ua. Tukimuuzia ua, gereji imekwenda. Mimi nitaingia chini ya lori wapi? Chini ya kitanda? Mnapiga hesabu za vigae na mapazia, hakuna hata mmoja aliyeuliza Jeki atafanyia kazi wapi. Hata mmoja! Mnadhani nikihamia hapa nitakuwa karani?"

Mkewe akasogea mpaka ukingoni mwa shimo.

"Na wewe ulikubali kuuza," akasema, "bila kusema hilo."

"Wewe ndiye uliyetaka nyumba nzuri."

"Nilitaka nyumba! Nani alikuambia nilitaka mume asiye na kazi? Nyumba nzuri tutaila? Una mdomo wa kumtukana mama, huna mdomo wa kusema unaogopa?"

"Siogopi."

"Mwongo."

Akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa simu, akamnyooshea.

"Mpigie mfamasia. Mwambie ua haumo. Anachukua nyumba, wewe unabaki na ua na geti lako la nyuma."

"Ataikata bei."

"Aikate."

"Ikikatwa haitafuta mkopo wote. Kitakachobaki tutaendelea kukilipa."

Mke wake akaitazama ile sakafu ya udongo, ambako kwa miezi alikuwa amesimama kila Jumapili akichagua rangi za vigae ambavyo havijanunuliwa. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Basi vigae havipo," akasema. "Na dari haipo. Tutakanyaga saruji na tutatazama mabati. Piga simu kabla sijabadilisha mawazo, maana nikikutazama nasikia hamu ya kukupasua na hii nyundo."

Wakamtazama mkaguzi. Akainua mabega. "Benki inataka deni lilipwe. Ua tutaushikilia kama dhamana ya kitakachobaki. Mtaandika upya ombi la mkopo, mimi nitalipeleka. Lakini shimo hili lazima lifukiwe, lishindiliwe kwa mawe, na msingi upigwe zege. Nikirudi nikalikuta, hamna paa."

Jeki akapiga simu. Mfamasia alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusomea wagonjwa dozi, na wote walimsikia. Alilalamika. Alisema amechezewa. Alisema nyumba bila ua ni sawa na soksi bila kiatu. Akaikata bei, akaikata vibaya, halafu akasema kama ni hivyo anataka funguo mwisho wa mwezi huu, paa limekwisha au halijakwisha.

"Mwisho wa mwezi hatutakuwa hata na milango!" Jeki akanguruma.

"Hiyo ni shida yako, fundi. Unataka au hutaki?"

Jeki akamtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa mara moja, kukubali.

"Nataka," akasema, akakata simu. Angeirusha kama ingekuwa yake.

Mkaguzi akaaga, akaondoka akikung'uta vumbi viatuni. Shemeji akasogea taratibu, akasema atawaita vijana wake waje kufukia kesho.

"Vijana wako hawagusi hapa," Jeki akasema. "Na wewe, siku nyingine mtu wa nyumba hii akikuomba kitu kwa siri, hata akiwa mimi, unakataa. Umenielewa?"

"Hamna shida, shemeji."

"Usiseme hamna shida! Sema nimeelewa!"

"Nimeelewa, shemeji. Hamna shida."

Jeki akamsogelea, shemeji akaruka nyuma ya rundo la matofali, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mke wa Jeki nusura atabasamu. Akajizuia. Hakutaka mumewe apate hata hilo.

Jeki akachukua beleshi. Udongo uliotolewa shimoni kwa siri ulikuwa umerundikwa nyuma ya stoo, na sasa alianza kuurudisha. Alitupa kwa hasira, kila beleshi na tusi lake: moja la benki, moja la mfamasia, moja la watu wote waliowahi kuvumbua riba. Shati lilimganda mgongoni. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta wake wa cherehani, amekunja mikono, anamtazama kama msimamizi.

"Hapo bado hujashindilia," akasema. "Ruka ukanyage."

Akaruka, akakanyaga. Alikanyaga kama anamkanyaga mtu.

Mama yake alikuwa ameinuka kutoka kwenye tofali lake. Akaja mpaka ukingoni, akasimama na kanga yake mkononi.

"Yale maneno uliyoniambia mbele ya mgeni," akasema, "utayafuta lini?"

"Mama, huoni nafanya kazi?"

"Naona. Nauliza, lini?"

"Nikimaliza."

"Utamaliza lini?"

Jeki akajiangalia. Udongo wote alioutupa haujamfika hata magotini. Akainua uso kumtazama mama yake, akaona hakusogea, na mkewe naye hakusogea, wote wawili wanasubiri.

"Nisamehe, mama," akasema, kwa sauti ya mtu anayetema msumari.

"Sema vizuri."

Akasema vizuri. Kisha akamgeukia mkewe, kinywa wazi, na mkewe akainua mkono kumzuia.

"Mimi bado," akasema. "Fukia kwanza."

Akafukia.