Ijumaa Ilifika kwa Mama Kwanza

Sikutaka Mama asome talaka yangu kwenye simu. Hilo tu. Nilikuwa nimepanga kila kitu: nitue Ijumaa mchana, nikae naye jikoni, nimwambie kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mume wangu na mimi tuliachana miaka miwili iliyopita. Jioni yake ndipo sura mpya ya katuni yangu ifunguke, watu wote wasome, potelea mbali.

Katuni hiyo ni maisha yangu matupu, ingawa mwanamke wake nimempa jina la Bi Kiburi na pua kubwa kuliko yangu. Kila Ijumaa Mama akishaisoma hunipigia. "Mkwe wangu hajambo? Mbona unamchora kitambi hivyo?" Nami hujibu, "Hajambo, Mama, anakusalimu." Salamu za mtu ambaye hata namba yake nimeifuta! Kudanganya kwa mdomo nilishazoea. Ila kukaa kila wiki namchora mwanamume yule mezani kwangu, anacheka, kulinishinda. Nikachora alivyobeba viatu vyake akaondoka.

Ninakoishi ni mbali. Asubuhi kwangu ni jioni kwa Mama. Nilipoipanga sura ifunguke Ijumaa asubuhi, nilijua kwake itafika jioni, kwa sababu programu ya kusomea katuni hufuata saa ya mchoraji. Ndivyo ilivyokuwa tangu nianze kazi hii.

Basi niko kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, nimevua viatu, nakunywa chai isiyo na mbele wala nyuma, simu ikaanza kutetemeka. Msomaji ameandika: "Pole sana, Bi Kiburi. Wanaume hawa!" Chai ikanipalia. Kule ninakoishi Ijumaa ilikuwa haijaingia hata kidogo.

Nikampigia fundi wa programu, kijana tunayemwita Injinia Kesho, maana kila hitilafu kwake ni ya kesho.

"Hiyo si hitilafu, Dada," akasema. "Tumeboresha. Watu walilalamika sura zinawafikia kwa saa za ajabu. Sasa kila msomaji anafunguliwa asubuhi ya kwake, kwa saa ya simu yake."

"Na mimi niliyepanga kabla hamjaboresha?"

Nikasikia anabofyabofya.

"Zilizopangwa zamani zilitakiwa zibaki kwenye saa ya mchoraji," akasema polepole. "Hapo tumeteleza."

"Mmeteleza! Mmeteleza ninyi, nikaanguka mimi! Funga hiyo sura sasa hivi."

Akaifunga, sauti imemwisha. Kisha akaongeza kwamba iliyokwisha kushuka kwenye simu za watu hawezi kuifikia tena. Nilimtukana tusi ambalo Mama hajui kama ninalijua.

Nikampigia mdogo wangu wa kiume, anayeishi na Mama. "Mnyang'anye Mama simu."

"Hata salamu hakuna? Nimnyang'anye Mama simu, mimi nimechoka kuishi?"

"Amesoma katuni?"

"Ameisoma akinywa chai. Halafu ameingia chumbani, amefunga mlango." Sauti yake ikabadilika. "Dada, kuna nini?"

Abiria wa ndege yangu wakaitwa. Nikakata simu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nitasema kweli, nilifarijika kidogo kwamba safari hii kuna mwingine wa kulaumiwa.

Nilimkuta Mama jikoni anamenya viazi. Macho yamemvimba. Alinikumbatia, akaniuliza safari, nikasema njema. Habari za mkwe wake hakuuliza.

"Mama, sikutaka uione vile," nikaanza. "Programu ina hitilafu. Imechanganya saa za huku na za kule, ikaifungua mapema. Fundi mwenyewe amekiri, ukitaka nimpigie akueleze."

"Imewahi kwa muda gani?"

"Nusu siku hivi."

Akaweka kisu chini. "Nusu siku ni ya fundi. Sawa, nimemsamehe. Na miaka miwili ni ya nani?"

Nikairudisha simu mkobani.

"Ile homa iliyokulaza mwezi mzima," akasema, "uliniambia mumeo anakupikia uji. Nani alikupikia?"

"Hakuna, Mama."

"Ulikunywa nini?"

"Maji."

Akajifuta macho kwa mkono wenye maganda ya viazi. Nilitamani anigombeze, anipige kofi hata.

"Mimi ningekuja, mwanangu," akasema. "Kilichoniweka hapa ni kwamba nilijua una mtu. Ningekuja."

Akachukua kisu, akaendelea kumenya. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, nikaanza kuosha viazi alivyokwisha kumenya.